Mzee Akiacha Jembe, Asiache Kutembea

Kwa wakazi wengi wa kata ya Mtunda na vijiji vingine vya bonde la Mto Rufiji, neno "mazoezi" huleta picha ya mjini: vijana waliovaa raba wakikimbia kandokando ya barabara alfajiri, kisha wakarudi nyumbani kujiandaa kwenda ofisini. Mkulima aliyeshinda shambani tangu jua kuchomoza ana haki ya kuuliza ni mazoezi gani mengine anayotakiwa kuyafanya. Swali hilo ni la msingi, na jibu lake ni kwamba maadamu analima, anatembea na kubeba, mwili wake unapata sehemu kubwa ya kile unachokihitaji.

Makala haya yanahusu kipindi kinachofuata, ambacho hakizungumzwi sana. Ni kipindi ambacho mzee ameacha jembe, watoto wamechukua shamba, bodaboda imechukua safari za miguu, na siku nzima inapita kivulini. Hapo ndipo moyo uliokuwa ukifanya kazi kwa miaka 60 unapoachishwa kazi ghafla, mara nyingi kwa sababu ya upendo wa familia.

Bonde lililowafundisha watu kutembea

Historia ya eneo letu imewafanya wazee wetu kuwa watu wa miguu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wananchi wengi kutoka bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vilivyo juu, katika zoezi lililojulikana kama Operesheni Rufiji. Makazi yakahama, lakini rutuba ikabaki bondeni. Hivyo mkulima aliendelea kushuka kwenda kwenye shamba lake la mpunga, akakaa kwenye dungu kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yalipopungua akapanda mazao ya mlau. Huku juu alikuwa na mikorosho, minazi na mihogo. Mzee mwenye umri wa miaka 70 leo amekulia katika maisha hayo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafanya mazoezi.

Sayansi inathibitisha faida ya maisha ya namna hiyo. Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makondakta walikuwa na mwajiri mmoja na walipita katika barabara zilezile. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba dereva aliketi zamu nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka mamia ya ngazi kwa siku akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walipoupata, haukuwa mkali kama ule wa madereva.

Ushahidi mwingine unatoka hapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi ulionesha kwamba watu hao hufanya shughuli za kuchangamsha mwili kwa wastani wa zaidi ya saa mbili kila siku. Hawafanyi hivyo ujanani tu. Wazee wao huendelea kutembea, kuchimba mizizi na kutafuta chakula, na watafiti walikuta dalili chache za hatari ya magonjwa ya moyo miongoni mwao, ikiwemo shinikizo la juu la damu. Jambo la kuzingatia katika mfano huu ni kwamba kwao uzee si amri ya kuketi.

Hatari inapoanzia

Kwetu mambo huenda kwa njia nyingine. Mzee anapopata maumivu ya goti au anapofiwa na mwenzi wake, watoto hukutana na kuamua: "Baba ametulea, sasa apumzike." Bibi anayezoea kufagia uwanja huondolewa ufagio mkononi. Babu aliyekuwa akienda kuangalia mikorosho yake huambiwa kwamba yupo kijana wa kazi hiyo. Kila mmoja anaona kwamba anatenda wema, na majirani wanaisifu familia hiyo kwa kumtunza mzee wao.

Matokeo yake hujitokeza polepole. Katika miezi michache misuli ya mapaja hupungua, na kuinuka mkekani kunakuwa kazi. Mzee anapoona kuinuka ni kazi, anapunguza kuinuka. Akipunguza kuinuka, misuli inazidi kupungua. Baada ya muda anahema akienda msikitini, kanisani au chooni, na familia inasema, "Mnaona, mzee amechoka, vyema tulimpumzisha." Uchovu huo, ambao kwa sehemu umeletwa na kuketi, hutumiwa kuwa sababu ya kumketisha zaidi.

Zipo pia sababu zisizotokana na familia. Kilimo ni cha misimu, na kati ya msimu mmoja na mwingine wapo wazee wanaokaa wiki nyingi bila shughuli ya maana ya mwili. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoathiri wilaya za Rufiji na Kibiti yalizamisha mashamba. Shamba likizama, mkulima hupoteza chakula na kipato, na kwa mzee ratiba iliyokuwa ikimtoa nyumbani kila asubuhi hukatika pia. Ratiba ya namna hiyo ikikatika katika umri mkubwa, haijirudishi yenyewe. Inahitaji kupangwa upya.

Kinachotokea ndani ya mwili

Moyo ni msuli. Kama ulivyo msuli wa mkono wa mpiga kasia, huimarika unapotumiwa na hulegea unapoachwa. Moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauhitaji kupiga haraka sana mwenye nao anapopanda mlima mdogo au kubeba ndoo ya maji. Moyo uliozoea kupumzika hulazimika kupiga mara nyingi kwa kazi hiyohiyo, na ndiyo maana mtu anahema.

Mishipa ya damu nayo hubadilika. Kadiri umri unavyosonga, kuta za mishipa mikubwa hukakamaa, na damu inaposukumwa ndani yake shinikizo hupanda. Mwili unapotembea, damu hupita kwa kasi na kuusisimua utando wa ndani wa mishipa, nao hutoa kemikali inayoilegeza na kuipanua. Tendo hilo likirudiwa siku baada ya siku, husaidia kushusha shinikizo la damu. Aidha, misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, jambo linalopunguza hatari ya kisukari, ambacho ni miongoni mwa maadui wakubwa wa moyo.

Miguu ina nafasi ya pekee katika kazi hii. Misuli ya mashavu ya miguu inapojikunja wakati wa kutembea, huibana mishipa inayorudisha damu kutoka chini na kuisukuma kwenda juu. Mzee anayeketi siku nzima hukosa msaada huo, na ni kawaida kumkuta amevimba vifundo vya miguu ifikapo jioni. Hata hivyo, uvimbe wa miguu unaweza pia kuwa dalili ya moyo kushindwa kufanya kazi yake au ya ugonjwa wa figo, hivyo usichukuliwe kuwa ni uzee tu. Mwenye dalili hiyo apelekwe kwenye kituo cha kutolea huduma za afya akachunguzwe.

Kiasi kinachotosha

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima, pamoja na mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, afanye shughuli za wastani za mwili kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Mwongozo huo unasisitiza kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na kwamba dakika hizo zinaweza kugawanywa katika vipindi vifupi. Mzee anayetembea dakika 10 asubuhi, 10 alasiri na 10 kabla ya magharibi amekamilisha sehemu yake ya siku.

Shughuli ya wastani hupimwa bila chombo chochote. Mtu akiwa anatembea na anaweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba, amefikia kiwango kinachofaa. Akiweza kuimba, aongeze mwendo kidogo. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, apunguze.

Kwa wazee, kutembea peke yake hakutoshi. Mwongozo unawataka pia wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuyumba kwa siku tatu au zaidi kwa wiki. Sababu ni kwamba mzee anayeogopa kuanguka huacha kutembea, na anayeanguka na kuvunjika nyonga anaweza kulazimika kulala kitandani kwa miezi. Miguu imara ndiyo inayompa moyo nafasi ya kufanya kazi.

Yafuatayo yanaweza kufanyika katika uwanja wowote wa nyumbani, bila gharama:

1. Kutembea. Mzee achague njia iliyo tambarare, isiyo na nyasi ndefu wala utelezi, atembee asubuhi kabla ya jua kuwa kali au jioni likiwa limepoa. Avae viatu vinavyoshika mguu. Ndala zilizolika huteleza. Fimbo si aibu, na anayeihitaji aitumie.

2. Kuketi na kuinuka. Mzee aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke polepole, kisha aketi tena. Aanze mara tano na aongeze taratibu hadi 10. Zoezi hili hujenga misuli ya mapaja, ile inayomwinua mtu mkekani, kitandani na chooni.

3. Kuinua visigino. Akiwa ameshika ukuta au shina la mti, ainue visigino vyote viwili, asimamie vidole, kisha ashuke polepole. Afanye hivyo mara nane hadi 10.

4. Kusimama kwa mguu mmoja. Akiwa bado ameshika ukuta, na pakiwa na mtu karibu, ainue mguu mmoja kidogo kutoka ardhini na ahesabu hadi 10, kisha abadilishe.

5. Kazi nyepesi za nyumbani. Kufagia, kupalilia bustani ya mchicha, kupepeta mchele na kumwagilia miche ni shughuli zinazohesabiwa. Mzee anayezipenda aachiwe.

Waislamu watatambua kwamba kusimama, kurukuu, kusujudu na kuketi katika sala tano kunaufanya mwili uendelee kujikunja na kujinyoosha. Hilo ni jema na linasaidia viungo, lakini halichukui nafasi ya kutembea. Anayeweza kwenda msikitini kwa miguu anapata yote mawili. Katika mwezi wa Ramadhani, wakati mzuri ni muda mfupi kabla ya kufuturu, au usiku baada ya futari kutulia tumboni, na mwendo uwe wa pole. Mgonjwa anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu azungumze na mtaalamu wa afya kabla ya mwezi kuandama.

Nguvu za mwili si kipimo cha shinikizo la damu

Hapa panahitajika tahadhari. Wapo wazee wenye nguvu, wanaolima hadi leo, ambao hawajawahi kupima shinikizo la damu kwa sababu hawajisikii kuumwa. Utafiti uliofanyika kwa wazee wa vijijini katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwakuta takriban wazee saba katika kila 10 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wakiwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wakijua. Hao ni watu wa vijijini, wengi wakiwa wakulima kama sisi.

Fundisho lake ni kwamba kutembea hupunguza hatari lakini hakuiondoi. Umri, chumvi nyingi, tumbaku, pombe, uzito na urithi wa ukoo vina nafasi yake. Shinikizo la juu la damu halina dalili kwa wengi hadi linapoleta kiharusi au kuudhuru moyo na figo. Njia pekee ya kulijua ni kupima. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi na kikirudiwa siku nyingine kikabaki hapo, huo ni ugonjwa unaohitaji kusimamiwa na mtaalamu.

Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache kwa kuwa ameanza mazoezi na anajisikia vizuri. Dawa na mazoezi hufanya kazi pamoja, na uamuzi wa kupunguza dawa ni wa mtoa huduma. Baadhi ya dawa hizo huleta kizunguzungu mtu anapoinuka haraka, kwa hiyo mzee aketi kwanza kitandani kwa muda, ndipo asimame.

Zipo pia dalili zinazomtaka mtu asimame mara moja na kutafuta msaada. Hizo ni maumivu au mbano kifuani, hasa unaosambaa kwenda bega, mkono au taya, kukosa pumzi kusikoisha baada ya kupumzika, moyo kwenda mbio bila mpangilio, na kuzimia. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukikosa nguvu au maneno yakianza kukorogeka, hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi. Hali hiyo isifikiriwe kuwa ni upepo mbaya wala kurushiwa kitu. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya au hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa kila saa inayopita sehemu ya ubongo inapotea.

Mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana, aliyewahi kupata kiharusi, au ambaye hajatembea kwa muda mrefu, apime kwanza na apewe ushauri kabla ya kuanza. Aanze na dakika tano, na aongeze kila wiki. Asibebe mizigo mizito huku amebana pumzi, kwa sababu kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Wajibu wa familia na kijiji

Familia inayotaka kumheshimu mzee wake haina budi kutofautisha kazi nzito na shughuli. Kumwondolea mzee gunia la mpunga kichwani ni wema. Kumwondolea ufagio, kikapu chepesi na safari ya kwenda kuangalia shamba ni kumwondolea dawa. Badala ya kusema "Bibi, kaa tu," mjukuu aseme "Bibi, twende wote." Safari ya bodaboda ya kwenda kwa jirani igeuzwe kuwa matembezi, na kijana atembee kwa mwendo wa mzee, asimwache nyuma.

Wazee wenyewe wanaweza kusaidiana. Wale wanaokutana barazani kucheza bao wanaweza kukubaliana kutembea pamoja kabla ya mchezo kuanza. Akina bibi walio katika vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kutenga robo saa kabla ya kikao. Mzee anayeishi peke yake ndiye anayehitaji kupitiwa nyumbani zaidi ya wengine. Mwishoni mwa mwaka 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwataka Watanzania kuitumia Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi. Siku hiyo inaweza kuwa siku ya kijiji kizima kutembea, wazee wakiwa mbele ili mwendo uwafae.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza ni kupima shinikizo la damu na sukari katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuielekeza familia isiyojua pa kwenda. Kwa mujibu wa sera za nchi yetu, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na mzee asiye na uwezo anastahili kupata matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Ambaye hajatambuliwa aanzie ofisi ya serikali ya kijiji, ambako mtendaji atamwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Mzee afikapo kituoni anastahili kuhudumiwa kwanza, na wananchi wengine wanaombwa kumpisha.

Baada ya kupima, mtoa huduma aulizwe swali moja: "Naruhusiwa kutembea kiasi gani?" Jibu lake lianze kutekelezwa kesho yake asubuhi, kwa dakika zile alizozitaja, mzee akiwa na mtu wa nyumbani pembeni yake.